Mapacha, ukoo na asilimia 79

Katika posa nyingi za Unguja na Pemba, kabla wazee hawajatoa jibu, hupita siku za kuulizia ukoo: dini yao, tabia zao, na kama yupo katika nyumba ile aliyewahi kulazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zanzibar. Akitajwa mmoja, hata awe mjomba tu, aghalabu posa huvunjika kimyakimya. Wanaochukizwa na desturi hii hukimbilia ukingo wa pili, wakasema damu haihusiki kabisa, na kwamba akili ya mtu huharibiwa na malezi, dhiki, mashetani au bangi. Tafiti za mapacha, ambazo siku hizi hutajwa sana katika mabishano haya, huchukuliwa na wa kwanza kuwa zinawapa haki na huogopwa na wa pili kwa sababu hiyo hiyo. Ukizisoma kwa utulivu, utaona kwamba hazimpi haki yule anayevunja posa.

Njia yenyewe ni nyepesi. Mapacha wa yai moja wana vinasaba, yaani chembe za urithi, karibu vyote sawa. Wa mayai mawili hufanana kwa vinasaba kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Ikiwa wale wa yai moja wanafanana zaidi kwa maradhi au tabia fulani, ziada hiyo huhesabiwa kuwa imetokana na vinasaba. Mwaka 2015 Tinca Polderman na wenzake waliyakusanya machapisho 2,748 ya aina hii, yenye jozi za mapacha zaidi ya milioni 14, wakapata kwamba, kwa wastani, vinasaba vinaeleza asilimia 49 ya tofauti zilizopo baina ya watu. Kwa skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na yanayotisha zaidi wakati wa posa, kiwango ni kikubwa kuliko hicho, na hapa ndipo penye kuhitaji subira.

Mwaka 2018 Rikke Hilker na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia jozi 31,524 za mapacha waliozaliwa Denmark kati ya 1951 na 2000. Walikadiria mchango wa vinasaba katika skizofrenia kuwa asilimia 79. Anayetaka kuvunja posa angetosheka na namba hiyo akafunga kitabu. Lakini utafiti huo huo unasema kwamba pacha mmoja wa yai moja akiugua, uwezekano wa mwenziwe kuugua ni asilimia 33 tu. Kwa wa mayai mawili ni asilimia 7. Namba hizi hazigombani. Asilimia 79 inahusu tofauti za uelekeo wa kuugua baina ya watu wa Denmark kwa jumla. Haimaanishi kwamba sehemu nne kwa tano za maradhi ya mgonjwa fulani zimetoka kwa babake, wala kwamba watoto wanane kati ya kumi watayapata. Asilimia 33, kwa upande wake, ni kubwa mno kwa maradhi yanayompata takriban mtu mmoja kati ya mia, na asiyekiri kwamba damu imo anajidanganya. Hata hivyo, takriban wawili kati ya kila watatu wenye pacha mgonjwa, walioumbwa kwa vinasaba vile vile, wakakaa tumbo moja na kwa kawaida kukulia nyumba moja, hawakuwa wagonjwa. Ikiwa hata pacha wa mgonjwa yuko katika hali hiyo, mpwa wa mgonjwa anahukumiwa kwa lipi?

Tafiti hizi zina jambo jingine ambalo hatuzishukuru vya kutosha. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama anayesababisha skizofrenia kwa namna anavyomlea mwanawe, na kwa miaka mingi akinamama wengi wa Ulaya na Marekani walibeba lawama hiyo. Iliyosaidia kuwatua mzigo ni kazi ya mapacha, pamoja na ya watoto waliolelewa na watu wengine: mwaka 1966 Leonard Heston aliripoti kwamba katika watoto 47 wa akinamama wenye skizofrenia, waliotenganishwa nao mara baada ya kuzaliwa, watano waliugua, na katika 50 wa kulinganishwa nao hakuugua hata mmoja. Mama wa Wete au wa Mwanakwerekwe anayejiuliza usiku alikosea wapi anastahili kuelezwa habari hizi.

Wakosoaji nao wana hoja. Wanasema mapacha wa yai moja hutendewa kwa kufanana zaidi, na nani asiyewaona Hassan na Hussein katika kanzu za kitambaa kimoja? Hoja ni ya haki, ingawa ilipopimwa kwa mapacha ambao wazazi wao walikosea kudhani ni wa aina gani, kufanana kwao kulifuata zaidi vinasaba kuliko dhana ya wazazi. Zaidi ya hapo, vinasaba vilivyokwisha kutambuliwa moja kwa moja vinaeleza sehemu ndogo kuliko makadirio ya mapacha. Naye Eric Turkheimer alionesha mwaka 2003, kwa watoto wa Marekani, kwamba mchango wa vinasaba katika vipimo vya akili ulikaribia sifuri kwenye familia maskini na ulikuwa mkubwa kwenye zenye uwezo. Kwa hiyo namba ya Denmark haihamishiki Zanzibar ikiwa nzima. Na kuna hofu nzito zaidi: sheria ya Ujerumani ya mwaka 1933 iliyowatoa watu uzazi kwa nguvu iliitaja skizofrenia kwa jina.

Mwanaanthropolojia Juli McGruder, aliyeishi hapa akafuatilia familia za wagonjwa wa skizofrenia, aliona kwamba imani ya mashetani mara nyingine iliwasaidia jamaa kumvumilia mgonjwa bila kumlaumu. Sidhani kwamba habari ya vinasaba ikielezwa vizuri haiwezi kufanya kazi hiyo hiyo.

Mtoto wa mzazi mmoja mwenye skizofrenia ana uwezekano wa kuugua wa takriban mmoja kati ya kumi. Mpwa wa mgonjwa ana mdogo zaidi. Kwa kijana wa namna hii, kukaa mbali na bangi na kuonwa na daktari mapema zinapoanza dalili kuna maana kubwa kuliko kwa wenzake, lakini kwa kuwa ukoo unaogopa posa kuvunjika, yeye ndiye anayefichwa habari hizo kwa muda mrefu zaidi.