Nimenunua Gari Bila Kumjua Mtu

Kijana aliyenikabidhi gari jipya hapa Oman, Mmalabari mmoja mpole kutoka Kerala, India, alichomoa kiwembe akaanza kuchana nailoni za viti. Nikamdaka mkono. Nikamwambia aziache, naondoka nazo hivyohivyo. Akacheka, akaniambia kwa joto la Muscat zitaninata mgongoni kabla sijafika nyumbani. Nikamwachia achane, lakini roho iliniuma kweli. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu nailoni ya kiti cha gari haitolewi, huachwa ichakae yenyewe, maana bila hiyo jirani atajuaje?

Jioni nikatuma picha kwenye kundi la ukoo. Hongera zilikuja, sikatai. Baada ya hongera akaja shemeji yangu na maneno mawili tu: "Mkopo huo." Na binamu mmoja akauliza zile Toyota IST za mitumba kutoka Japan tulizopanda sote zimenikosea nini. Nimeona nijibu kwa kirefu, maana najua hawako peke yao.

Kwanza gari lenyewe si la kujishaua. Ni saluni ndogo, nyeupe, silinda nne, na hapa mtaani ukitupa jiwe utavunja kioo cha jingine kama hilo. Mimi si mwenye kisima cha mafuta. Ni mwajiriwa, naishi kwa kitambulisho cha ukaazi chenye tarehe ya kuisha. Na kilichonishangaza siku ile wala hakikuwa gari. Tangu naingia pale Wattayah, kwenye maduka ya magari, mpaka natoka na funguo mkononi, hakuna aliyeniuliza nimetumwa na nani. Walitaka kitambulisho, leseni ya Oman na barua ya mshahara kutoka kwa mwajiri. Bei imebandikwa kiooni, VAT ya asilimia 5 imo ndani yake. Bima ikakatwa, usajili wa polisi ukafanyika, nikapewa mulkiya, ndiyo kadi ya gari ya huku. Nikaletewa kahawa na tende. Muda wote huo nilikuwa nageuka nyuma nikimsubiri mtu atokee aniite pembeni. Hakutokea. Nikalipa kiasi kilekile kilichoandikwa, nikawasha, nikaondoka.

Sasa ndugu zangu, semeni kweli: nani kati yenu amewahi kupata gari bila kumjua mtu?

Nyumbani watu hutangulia, gari hufuata. Unaanza na binamu aliyewahi kuagiza Japan, huyo anakupa kampuni ambayo "haina longolongo". Ukiona kuagiza ni mbali, unakwenda kwa dalali, naye anakuzungusha yadi za Kinondoni mpaka soli inaisha. Dalali huwezi kumwamini, kwa hiyo unakwenda na fundi wako. Fundi naye huwezi kumwamini sana, kwa sababu umemkuta anasalimiana na dalali kwa jina. Anasikiliza injini, anafungua kifuniko cha oili, ananusa, anatikisa kichwa, anakwambia kilomita zimerudishwa lakini gari zuri, chukua. Na kama uliagiza, humo katikati kuna mtu wa forodha na mtu wa bandarini, wawili tofauti, kila mmoja anakuonya juu ya mwenzake.

Bandarini ndipo ninapochoka. Jeki, tairi la akiba na spana ya magurudumu husafiri salama kutoka Yokohama, zikavuka Bahari ya Hindi nzima, zikaja kupotea mita chache kabla ya geti. Mtandao uko chini. Aliyeshika faili ametoka kidogo. Siku za kuhifadhi gari zinahesabiwa, na za kwako hazisimami hata mtandao ukiwa chini. Hapo unampigia mtu wako, naye anasema maneno tunayoyajua sote, kwamba kuna kitu kidogo kinahitajika ili kusukuma.

Likitoka, hujamaliza watu. Unalipeleka kwa mtu wa redio, kwa sababu FM ya Japan huanzia 76 na kuishia 90 na ushee, hivyo nusu ya stesheni zako huzipati. Unalipeleka kwa mtu wa kuchora namba kwenye vioo na taa, la sivyo siku ukipaki Kariakoo utakwenda kununua saiti mira kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, na huenda zikawa zilezile zako. Halafu kila asubuhi ukiwasha, mwanamke anakusalimia kwa Kijapani kutoka ndani ya dashibodi, miaka nenda rudi, na hakuna nyumbani anayejua anasema nini. Huyo mama nimemkumbuka sana huku, sitanii.

Najua atakayedakia: huko Oman wana mafuta, kodi haiwahusu, utalinganishaje? Haya, tulinganishe. Chukua gari la cc 1,500 lililozidi miaka 10, thamani yake likifika Dar na gharama za meli na bima iwe shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha asilimia 25. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa asilimia 5, na mwingine wa uchakavu asilimia 30. Juu ya vyote hivyo, VAT asilimia 18. Milioni 10 imeshakuwa karibu 20, na tozo ya reli bado hujaigusa. Na ile milioni 10 ya kuanzia si lazima iwe ndiyo uliyolipa Japan, ni ile ambayo mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, unaamini ulipaswa kulipa. Hapa Oman ushuru wa forodha ni asilimia 5 na VAT 5. Gari la thamani hiyohiyo linaishia milioni 11 na kidogo.

Lakini hapo si ugomvi wangu, na naomba nisisingiziwe. Sidai tutoze asilimia 5. Barabara na zahanati zinajengwa kwa kitu, na sisi hatuna kisima cha mafuta cha kulipia gari la mtu. TRA wenyewe hawajifichi kiasi hicho, kikokotoo kipo mtandaoni, kodi unaiona ukiwa kitandani. Kama gari ni milioni 20, liandikwe milioni 20, nilipe, nipewe funguo na jeki yangu. Ninachokataa ni kwamba baada ya kulipa zote hizo bado nahitaji mtu. Kodi nimelipa ya nini, kama huduma nainunua upya kwa mtu aliyesimama nje ya geti na bahasha ya kaki?

Na ile kodi ya uchakavu, jamani. Imewekwa ili tusigeuzwe jalala la magari ya wenzetu, nia nzuri. Jirani zetu Kenya wakaamua moja kwa moja: lililozidi miaka minane haliingii. Sisi tunaliingiza, tunalipiga faini kwa uzee wake, na bado ndilo pekee mwalimu anaweza kulimudu. IST za mwanzo zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Kitoto kabisa katika hizo kimeshapita umri wa kupiga kura, na mjini kinaitwa gari jipya mradi kina namba E, yaani namba za usajili za karibuni.

"Umeanza kudharau," mtasema. Hapana. Subirini niwaambie kinachonikera huku.

Leseni, kwa mfano. Miaka yote niliyoendesha barabara ya Segera haikuhesabika kitu. Nilikwenda kurudi nyuma katikati ya mapipa kama mtoto wa shule, mkufunzi pembeni akiguna, nikapandishwa mlima mdogo wa kufundishia nisimame na kuondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Watu wazima wenye wajukuu wanalizwa na yale mapipa. Na hapo hakuna mtu wa kumpigia, nakubali kwamba siku ile nilimtamani.

Na fundi. Hapa ndipo najivunia nchi yangu na sitaki ubishi. Fundi wetu wa Ngamiani, Tanga, hana mashine ya kupima, ana sikio. Anakwambia shida iko silinda ya tatu kabla hujazima, anachonga kifaa kutoka kwenye chuma cha kitu kingine, na gari linaishi miaka kumi zaidi. Huku taa ikiwaka dashibodi unapanga siku, unakabidhi, wanabadilisha kifaa kizima, unapewa risiti ndefu. Usithubutu kuligusa mwenyewe, dhamana itakufa. Hawa wenye magari mapya hawajui kutengeneza kitu, wanajua kubadilisha. Wajapani wakitaka kujua gari lao linaweza nini, waje Tanga.

Kuna mzee mmoja wa Kiomani hapa jirani, amezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Nilimsimulia habari hii ya kununua bila kumjua mtu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe baba umenunua gari tu," akasema. "Ngoja utake kitu kisichokuwa na bei kiooni. Hapo ndipo utaijua wasta." Sikuwa na jibu. Wasta ipo, kila mkaazi wa Ghuba anaijua, nani anamjua nani ofisi gani. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba hawa ni malaika. Nasema tu kwamba kwenye gari, bima na kadi wameweza kumwondoa mtu katikati, na waliyemwondoa hakufa njaa. Pengine yeye ndiye anayeuza magari pale ndani, mshahara na kiyoyozi.

Nimrudie shemeji. Ndiyo, ni mkopo. Riba yake ni tarakimu moja, na nyumbani riba za benki zimezunguka asilimia 15 tangu nikiwa kijana, ndiyo maana wewe uliuza kiwanja ukanunua gari kwa pesa taslimu na sasa una gari huna kiwanja. Lakini hoja yako nzito zaidi hukuiandika, acha nikuandikie mimi. Gari lako la Dar ni lako. Langu limeandikwa benki kwenye mulkiya. Mwajiri akiamka vibaya, ukaazi unakwisha, na deni lisipolipwa naweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Ndiyo maana huku utaona matangazo kila wiki: mwenye gari anaondoka nchini, bei ya haraka. Gari jipya la mgeni ni la mtu mwingine ambaye hajalinunua bado.

Wala siwezi kulileta. Usukani uko kushoto. Nani atalipita lori pale Chalinze akiwa amekaa upande wa majani, anamwuliza abiria kama mbele kuna gari? Mama akikaa kiti hicho cha kulia ataanza kusoma dua tangu Kibaha. Kwa hiyo starehe hii yote, bei ya kiooni, kahawa, tende, inaishia hukuhuku, na nyumbani tutaendelea na Japan.

Tena tumeshaendelea. Kaka yangu mkubwa hakuniuliza lolote kuhusu gari langu. Katuma picha ya Noah ya 2008 iliyoko Nagoya, anataka ya kubeba abiria Tanga na Muheza, na anataka nichangie. Nimekubali, ni kaka. Kodi nimeshaipiga kwenye kikokotoo na nimeshalia. Mtu wetu wa mara ile simu yake haipatikani, na dada anasema amehamia Mtwara. Kwa hiyo mliokwisha kunitukana mkapumzika: kama mnaye mtu wa uhakika pale bandarini, wa kutoa gari na jeki yake ikiwa ndani, nitumieni namba mapema, meli inaondoka mwisho wa mwezi.