Ubingwa wa Toronto 2019 na majeraha ya Golden State

Wapenzi wa kikapu wakianza kuhesabu mabingwa wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani na Kanada, wa miaka ya karibuni, wakifika 2019 hakosi mtu wa kusema kwamba ule wa Toronto Raptors ni wa kuokota, maana Golden State Warriors waliishiwa watu. Siipuuzi hoja hiyo. Nusu yake ni kweli tupu.

Golden State walimaliza msimu wa kawaida na ushindi 57 na vipigo 25, wakisaka ubingwa wa tatu mfululizo. Tarehe 8 Mei, katika mchezo wa tano dhidi ya Houston, nyota wao Kevin Durant akaumia kigimbi. Alikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 34 katika mtoano ule. Alikaa nje mwezi mzima, akarudi tarehe 10 Juni wakati Toronto wanaongoza fainali 3–1, na bingwa ni wa kwanza kushinda michezo minne. Alicheza dakika 12 hivi, akafunga pointi 11, na katika robo ya pili kano yake ya kisigino ikakatika. Wenzake walishinda usiku ule 106–105. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya mwenzake Klay Thompson. Aliruka kwenda kudanki, akaguswa hewani, akatua vibaya na kano ya goti ikachanika. Walikuwa wameshamtoa kuelekea vyumbani pale alipogeuka, akarudi uwanjani kwa miguu yake, akapiga mitupo huru miwili na yote ikaingia. Akafikisha pointi 30. Hapa kwetu ilikuwa alfajiri, na mpaka leo nikiikumbuka picha ile moyo unanienda mbio. Mchezo rasmi uliofuata kwa Klay ulikuja baada ya siku 941.

Toronto walishinda mchezo huo 114–110 na kubeba kombe kwa 4–2. Mchezo wa pili waliupoteza kwa pointi tano tu, na wa tano kwa moja. Ukiniuliza kama wangeshinda mbele ya Durant na Klay wote wakiwa wazima, nitakujibu bila kuzunguka: sidhani. Lakini wanaotoka hapo na kusema ubingwa huo una dosari, hapo tunaachana.

Kwanza, Golden State wenyewe wamekula matunda ya majeraha ya wenzao kuliko timu nyingi za kizazi chao. Walipotwaa ubingwa wa 2015, Cleveland walikuwa hawana Kevin Love, aliyeumia bega, na Kyrie Irving alivunjika pia ya goti katika mchezo wa kwanza wa fainali. Mwaka 2017 San Antonio walikuwa wanawaongoza kwa pointi 23 pale nyota wa San Antonio wakati huo, Kawhi Leonard, alipotua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State na kuumia kifundo. Mfululizo ule ukaisha 4–0. Mwaka 2018 Houston waliongoza 3–2, kisha wakacheza michezo miwili ya mwisho bila Chris Paul, aliyekuwa ameumia. Hakuna anayeyafuta makombe hayo, na sioni sababu ya kuyafuta. Basi kipimo kiwe kimoja.

Pili, na hili kwangu ndilo zito zaidi, mwili una hesabu yake. Golden State walifika fainali tano mfululizo, kuanzia 2015 hadi 2019, na katika miaka hiyo walicheza michezo 105 ya mtoano. Huo ni zaidi ya msimu mzima wa michezo 82, umeongezwa juu ya misimu mitano. Siwezi kusema uchovu ndio uliokata kano ya Durant, ambaye alijiunga nao 2016. Ninachosema ni kwamba timu ya namna hiyo iliingia Juni na akiba ndogo ya nguvu.

Toronto walikwenda njia nyingine. Masai Ujiri, rais wa timu wakati huo, ambaye mama yake ni Mkenya, alimleta Kawhi mwaka 2018 wakati mchezaji huyo ametoka kucheza michezo 9 tu msimu mzima kwa sababu ya msuli wa paja. Wangeweza kumkamua kuanzia Oktoba. Badala yake, wakiongozwa na Alex McKechnie, mkuu wa sayansi ya michezo wa timu, walimpanga kwa kipimo: michezo 60, mapumziko 22. Bila yeye walishinda 17 na kufungwa 5. Katika mtoano akawa na wastani wa pointi 30.5 na kuibuka mchezaji bora wa fainali. Na wao pia walikuwa na pengo: OG Anunoby alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mwezi Aprili, hakucheza hata dakika moja ya mtoano.

Utaratibu huo una gharama, nakiri. Mzazi aliyeweka akiba ampeleke mwanawe kumwona Kawhi, akamkuta amevaa suti benchi, ana haki ya kukasirika. Ligi yenyewe ililiona hilo, na tangu msimu wa 2023–24 mchezaji lazima acheze michezo 65 ili awanie tuzo kubwa kama ya MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Pia si kila timu inaweza kuiga. Unahitaji wachezaji kama Kyle Lowry, Pascal Siakam, Serge Ibaka na Fred VanVleet wa kushika usukani nyota anapopumzika. Timu inayopigania nafasi ya mwisho ya mtoano haina anasa hiyo.

Msimu wa 2019–20 ulionyesha ukubwa wa pigo kwa Golden State. Durant aliondoka kwenda Brooklyn na hakucheza mwaka mzima. Klay alikuwa nje. Stephen Curry akavunjika mkono mwezi Oktoba. Golden State wakamaliza na ushindi 15 na vipigo 50, wa mwisho katika ligi nzima, kikosi kilichotoka fainali miezi michache tu nyuma.

Linaloniuma hadi leo ni zile dakika 12 za Durant. Mtu aliyekaa nje mwezi mzima kwa kigimbi alirudishwa moja kwa moja kwenye fainali, timu ikiwa ukingoni. Usiku ule Bob Myers, meneja mkuu wa Golden State wakati huo, alikaa mbele ya waandishi akilia, akasema kama lazima alaumiwe mtu, basi alaumiwe yeye.