Tumbawe mguuni

Mjomba alipoanguka na bodaboda, mfupa chini ya goti ulisagika hadi ukaacha pengo. Daktari akakata kipande cha mfupa wa nyonga kuliziba. Mguu ulipona. Nyonga ndiyo iliyomtesa miezi mingi: "Nilikwenda na jeraha moja, nikarudi na mawili."

Tangu hapo nafuatilia vitu vya kuziba pengo kama lile bila kumkata mtu kwingine, na kilichonishangaza kuliko vyote ni tumbawe. Tena Porites, jamii ile ile ambayo mafundi wa pwani yetu waliichonga ingali mbichi na laini, wakapambia mihrabu na fremu za milango.

Siri iko kwenye vitundu. Vina upana wa takriban milimita 0.2, na vimeunganika ndani kwa ndani, kwa hiyo mishipa midogo ya damu hupenya, seli za mfupa zikafuata na kujenga humo humo. Mwaka 1974, Della Roy na mwenzake Linnehan wa Marekani walionyesha kwamba tumbawe likipikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa pamoja na fosfeti, chokaa yake hugeuka haidroksiapataiti, madini yanayokaribiana sana na ya mfupa, na vitundu vikabaki vilivyo. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu bidhaa ya namna hiyo kwa upasuaji wa mifupa.

Sasa usije ukaniambia pwani yetu ina dawa inayongoja kuvunwa. Porites hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Jabali la kimo cha mtu lilianza kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Na tumeshayachoma ya kutosha kwenye matanuri ya chokaa! Tuige umbo, mwamba tuuache. Haidroksiapataiti hutengenezwa hata kwa maganda ya mayai yaliyochomwa na kuchanganywa na fosfeti, na kila muuza chipsi mayai anayatupa kwa ndoo. Vitundu vyenyewe siku hizi hupangwa kwa mashine ya kuchapa ya 3D. Maabara za vyuo vyetu zingeanzia hapo, badala ya kungoja pakiti za ng'ambo.

Nilimweleza mjomba. Akauliza kama basi vyuma havitahitajika tena. Nikamwambia vitahitajika, maana vitu hivi ni vyepesi kuvunjika. Chuma hushika uzito mpaka mfupa ujae.

Akaguna. "Wafunge vyuma watakavyo. Nyonga tu wasiiguse."