Chapa ya Lino si Fotokopi

Nimeulizwa tena. Juzi, katika maonyesho madogo Mji wa Kale, Mombasa, bwana mmoja wa makamo alisimama mbele ya chapa yangu ya ngalawa, akainama kusoma penseli iliyo chini yake, "7/18", yaani ya saba kati ya chapa 18, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Kijana wangu, kama hii ni kopi ya saba, yenyewe hasa iko wapi?" Nilipomjibu kwamba ndiyo hiyo anayoitazama, alitabasamu kama mtu aliyeponea chupuchupu kutapeliwa, akataka apunguziwe hadi bei ya fotokopi.

Basi nieleze, ingawa nimechoka kueleza. Ngalawa ile ina rangi tatu, ya mchanga, ya kijani cha maji ya kina kifupi na nyeusi ya mikoko, na zote zimetoka katika kipande kimoja cha lino, bapa laini linalochongwa, likapakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Kwanza nilichonga tanga, ambalo lilipaswa kubaki jeupe (palipochongwa hapashiki wino), nikachapa rangi ya mchanga kwenye karatasi 25. Nikachonga palipotakiwa kubaki mchanga, nikachapa kijani juu yake. Nikachonga mara ya tatu, nikamalizia nyeusi. Kila hatua huila ile iliyotangulia, kwa hiyo hata nikipewa dhahabu siwezi kuchapa karatasi ya 26. Mchoraji Picasso alifanya hivyo hivyo huko Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijasikia aliyemwomba bei ya fotokopi. Mimi sina hata mashine. Nasugua mgongo wa kila karatasi kwa mwiko wa kupikia wali mpaka wino ushike, na karatasi ikiteleza kwa upana wa uzi tu, ngalawa huota matengo (zile mbao za ubavuni) manne badala ya mawili. Saba ziliharibika hivyo, au kwa wino uliokataa kukauka wakati wa masika. Hizo sikuzitia sahihi.

Ajabu ni kwamba nyumbani kwa bwana yule hapakosi sanduku la kanga zilizochapishwa kwa maelfu, na hakuna anayeuliza kanga yenyewe hasa iko wapi. (Niliwahi kuchonga jina la kanga nikasahau kuligeuza kinyume, likachapika kama linavyoonekana kwenye kioo; shangazi yangu aliuliza kama nimeanza kuandikiana na majini.)

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wapo miongoni mwetu wanaopiga picha mchoro, wakautoa kwa printa, kisha wakauandikia namba kwa penseli. Hao wakiitwa wauza kopi, sitawatetea. Na anayesema lino ni ya kutandika sakafuni, kweli, ni mafuta ya kitani na unga wa gome la kutengenezea vizibo. Turubai la wachoraji nalo ni nguo ya tanga.

Kipande chenyewe cha lino nimekitundika mlangoni mwa karakana. Kimebaki na mlingoti, foromali (mti wa kufungia tanga) na mizizi ya mikoko, basi. Bwana yule akikitaka hicho kuwa ndicho "chenyewe hasa", aje nimpe bure. Namba 7 bei yake ni ile ile.