Deksamethasoni na Ganzi ya Kiungo: Ipitie Mshipa wa Damu

Nawaunga mkono wenzangu wanaotumia deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ili ganzi ya kiungo idumu, ila sikubaliani nao juu ya mahali pa kuidunga. Kwa wagonjwa wengi wanaopasuliwa mkono, bega au mguu katika hospitali zetu za Mombasa, naona dawa hiyo ingepitishwa kwenye mshipa wa damu badala ya kuchanganywa na dawa ya ganzi katika sirinji moja na kumiminwa kando ya neva. Kinachopotea kwa kufanya hivyo ni kidogo kuliko inavyovumishwa.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, ganzi ya kiungo ni ile inayofisha sehemu moja tu ya mwili. Kijana wa bodaboda aliyevunjika mkono na kuhitaji kuwekwa chuma si lazima alazwe usingizi mzima. Mtaalamu wa nusukaputi, akiongozwa na altrasaundi pale inapopatikana, humdunga dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini karibu na mtulinga, panapopita fungu la neva ziendazo mkononi, na baada ya muda wa nusu saa hivi mkono wote huwa mzito na hausikii kisu. Upasuaji huenda vizuri, mgonjwa huamka bila kichefuchefu, na jamaa zake humkuta akizungumza na hata akiomba chai.

Tabu huja baadaye. Sindano moja ya bupivakaini mara nyingi hutosha kwa nusu siku, kisha hukatika, na inapokatika maumivu hayapandi polepole bali hurudi kwa kishindo, wakati mwingine makali kuliko ambavyo yangekuwa kwa mtu ambaye hakupata ganzi tangu mwanzo. Tuseme alidungwa saa nne asubuhi na ganzi ikamkalia saa 12. Maumivu yatamfika saa nne usiku, naye ameshavuka feri amefika kwake Likoni, duka la dawa la jirani limefungwa, na mfukoni ana karatasi ya parasetamoli. Morfini si dawa ya kumpa mtu aende nayo nyumbani kirahisi. Ipo njia ya kuacha mpira mwembamba kando ya neva na kuulisha dawa kwa pampu siku mbili tatu, lakini pampu ni ghali na mpira unahitaji mtu wa kuufuatilia. Kwa wengi wetu hiyo ni hadithi ya hospitali za watu wengine.

Ndiyo maana dawa ya kuongezea inavutia. Tamaa yenyewe si ya leo, kwani Heinrich Braun wa Ujerumani alichanganya adrenalini na kokaini mwanzoni mwa karne ya 20 kwa nia hiyohiyo ya kurefusha ganzi. Deksamethasoni imewapiku wengi katika mbio hizo kwa sababu ni rahisi bei, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na hakuna wodi isiyoijua, hasa tangu mwaka 2020 ilipothibitika kuokoa maisha ya wagonjwa wa Korona waliokuwa wakihitaji oksijeni.

Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 35 yenye washiriki zaidi ya 2,700, yalikuta kwamba deksamethasoni iliyowekwa kando ya neva ilirefusha ganzi kwa wastani wa saa 6.7 ikilinganishwa na dawa bandia. Ilipopitishwa kwenye mshipa wa damu iliirefusha kwa saa 6.2. Majaribio yaliyozilinganisha njia hizo mbili ana kwa ana yaliipa ile ya kando ya neva ziada ya takriban saa 3. Msomaji makini ataona kwamba hesabu hizi hazioani vyema, kwa kuwa mlinganisho mmoja unatoa tofauti ya nusu saa na mwingine unatoa saa 3, na mimi nachukulia kwamba ukweli umo baina ya hizo mbili. Lakini hata tukikubali saa 3 kamili, linalonishughulisha zaidi ni lile la njia ya mshipa, kwamba dawa iliyopitishwa kwenye dripu ya mkono mwingine kabisa imerefusha nafuu kwa saa 6. Yako maelezo kwamba steroidi hubana mishipa midogo ya damu inayozunguka neva, na kwamba huzituliza nyuzi nyembamba zinazopeleka habari za maumivu, na sina sababu ya kuyakataa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii inaelekea kufanywa na uwezo wa steroidi wa kupunguza mchochota, yaani uvimbe na maumivu yanayofuata jeraha, ikipitia mwili mzima, na kwa hilo haihitaji kuigusa neva.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito ambayo sitaipita kimyakimya. Turudi kwa yule kijana. Saa 6 za ziada zinampeleka hadi saa kumi alfajiri. Ukiongeza 3 nyingine anafika saa moja asubuhi, kumekucha, maduka yanafunguliwa na tuktuk zinapita. Kwa hesabu hiyo saa 3 si kitu cha kudharau. Jibu langu ni kwamba pengo hilo linazibika kwa vidonge vilivyoanzwa mapema. Parasetamoli pamoja na dawa ya jamii ya ibuprofeni, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala maradhi ya figo, zikimezwa kabla ya kulala wakati mkono bado umekufa ganzi, hukutana na maumivu njiani. Tatizo letu ni kwamba tunamwambia mgonjwa ameze dawa akisikia maumivu, naye kwa utiifu wake hungoja hadi ayasikie.

Sasa hebu tupime tunachobeba kwa ajili ya saa hizo 3. Watengenezaji wa deksamethasoni hawakuiombea kibali cha kuwekwa kando ya neva, na anayefanya hivyo hulifanya kwa dhamana yake mwenyewe. Baadhi ya chupa zake zina vihifadhi, kama alkoholi ya benzili, ambavyo havikukusudiwa kufika huko, na katika manunuzi yetu chupa ya wiki hii huenda isiwe ya kiwanda cha wiki iliyopita. Ikichanganywa na ropivakaini, dawa nyingine ya ganzi, inaweza kufanya chembechembe ndani ya sirinji, kwa sababu inapunguza uasidi unaoifanya ropivakaini ibaki imeyeyuka. Ni kweli kwamba majaribio kwa binadamu hayajaonyesha ongezeko la neva kuharibika, lakini madhara yanayompata mmoja katika maelfu mengi hayawezi kuonekana kwa washiriki 2,700. Mbaya zaidi ni kumzoesha mhudumu mchanga wazo la kwamba steroidi yoyote inafaa kando ya neva. Methilprednisoloni na triamsinoloni zina punje zinazoweza kuziba mishipa ya damu, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kiharusi na kupooza kwa nadra baada ya steroidi kudungwa katika nafasi ya epidurali, ile inayozunguka utando wa uti wa mgongo. Huo ni utaratibu tofauti na huu wetu, lakini chupa hizo hukaa rafu moja.

Njia ya mshipa nayo ina kero zake. Ikisukumwa haraka kwa mgonjwa aliye macho huleta mwasho mkali sehemu za siri, na hakuna muuguzi anayetamani kumweleza mzee wa heshima wa Mji wa Kale kilichompata. Iyeyushwe kwenye maji ya dripu na ipite polepole. Faida yake ni kwamba huzuia kichefuchefu, na kipimo cha miligramu 4 hadi 8 kinatosha.

Kuhusu sukari, ambayo huku Pwani haikosekani katika nyumba nyingi, njia zote mbili huipandisha, kwa hiyo haitoi ushindi kwa upande wowote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa karibu 8,900, ulionyesha kuwa miligramu 8 kwenye mshipa hazikuongeza maambukizi ya kidonda, hata miongoni mwa wenye kisukari. Mimi bado ningetaka sukari ipimwe jioni ile na asubuhi yake, na ambaye imeshamshinda kabla ya kisu ningemwacha bila steroidi.

Wapo ambao singewarefushia ganzi kwa njia yoyote. Aliyevunjika mfupa wa muundi anaweza kupata uvimbe unaobana damu ndani ya misuli, na dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha. Ukiyanyamazisha mpaka alfajiri, unaweza kuamka na mguu ambao hauokoleki. Na hata kwa mkono wa kawaida, saa 18 bila hisia ni muda mrefu kwa mtu anayeishi chumba kimoja na seredani.

Kwa hiyo karatasi anayotoka nayo mgonjwa ingeandikwa saa aliyodungwa, jina la dawa ya ganzi, kiasi cha deksamethasoni na njia iliyopitia, saa ya kumeza vidonge vya kwanza, na saa ambayo mkono ukiwa bado haujarudi itampasa apige simu. Wengine hupanda basi kesho yake kwenda Lamu au Lunga Lunga, na daktari atakayewapokea huko hana njia nyingine ya kujua kwa nini vidole bado havijasogea.