Hivi Ile Baiskeli Iliyochorwa Chini Ni Pambo?

Jamani, wenzangu wa baiskeli hapa Dar, hebu tuulizane. Ule mchoro wa baiskeli pale chini, kwenye njia yetu ya baiskeli pembeni ya barabara, madereva wanaona nini? Katuni? Tangazo la fundi wa pancha?

Maana jana, kipande kimoja tu cha Barabara ya Morogoro, nimekutana na bodaboda wawili uso kwa uso, bajaji inasubiri abiria, na gari dogo limeegeshwa, indiketa zote zinawaka, utadhani indiketa ni kibali. Nikagonga kioo. "Kaka, hii njia ya baiskeli." Kashusha kioo, katazama chini kwa dhati kabisa. "Iko wapi?"

Nikatazama na mimi. Wallahi, hakukosea! Limebaki gurudumu moja na nusu usukani. Hiyo ni baiskeli au miwani iliyokanyagwa?

Ukifika makutano ndiyo balaa. Palepale gari linapokata kona, mstari unayeyuka kama sukari kwenye chai. Copenhagen, kule Denmark, njia ya baiskeli wanaipaka bluu makutanoni, Uholanzi lami yenyewe nyekundu, hata mlevi anaiona. Sisi? Weupe mwembamba, masika mawili kwisha habari yake. Na usiku je? Ile rangi yenye punje za kioo zinazorudisha mwanga wa taa, yetu imekwama bandarini?

Nyie wenzangu mnapitaje? Mimi napiga kengele, nikishindwa napiga mluzi, nikishindwa kabisa naibeba baiskeli begani.