Martlet ya sentimita 16 ina kesi ya kujibu?

Mombasa, ukimwonyesha mtu ndege ndogo ya chuma iliyosimama kwenye kibao chake, tuseme modeli ya Grumman Martlet, ndege ya kivita ya Kimarekani iliyotumiwa na jeshi la majini la Uingereza, ya kipimo cha 1:72 (sentimita moja ya modeli ni 72 za ndege halisi), atakuuliza mambo mawili: umeinunua kwa bei gani, na ni ya mtoto yupi? Forodha nayo inaelekea hukohuko. Modeli hizi huingia kifungu cha 9503 cha orodha ya ushuru, pamoja na midoli na baiskeli za magurudumu matatu.

Wanaolaumu ukusanyaji wa modeli hizi, kwamba ni upotevu wa pesa na utukuzaji wa vita vya mkoloni, wana hoja. Bei hupangwa ng'ambo, kisha kuna usafiri na VAT ya asilimia 16. Zaidi ya hapo, kwa nini mtu wa Pwani aweke sebuleni ndege ya mkoloni, na mafundi wa Lamu wapo wanachonga majahazi ya mbao? Hili naliheshimu. Kwenye boksi utasoma namba ya skwadroni, pengine na jina la rubani. Makuli wa Kilindini, ambao Januari 1947 waliusimamisha mji kwa mgomo, hawamo.

Ila ndege yenyewe si ngeni hapa. Wajapani walipoipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, manowari za Uingereza zilirudi nyuma hadi Kilindini, na wataalamu wao wa kufumbua siri za redio wakahamia skuli ya Allidina Visram. Illustrious na Formidable, meli za kubeba ndege, zilikuwa na Martlet. Hata Uwanja wa Ndege wa Moi ulianza wakati wa Vita hivyo vya Pili vya Dunia, ukiitwa Port Reitz.

Halafu kuna mabawa, na hapa ndipo wakusanyaji hawaeleweki kabisa. Mabawa ya Martlet yakinyooshwa yana upana wa mita 11.6. Lifti ya Illustrious, ya kuteremsha ndege chini ya sitaha, ilikuwa na upana wa mita 6.7 tu. Kwa hiyo Martlet za mwanzo, ambazo mabawa yake hayakunjwi, zisingeshuka. Zingebaki juu kwenye chumvi na mvua. Dawa ikawa bawaba ya mshazari: bawa linageuka, ukingo wake wa mbele unaelekea chini, kisha linarudi nyuma na kulala ubavuni kama la kuku aliyetulia. Upana ukashuka hadi mita 4.4. Inasimuliwa kwamba Leroy Grumman, mwasisi wa kampuni iliyoiunda, aliitafuta pembe ya bawaba hiyo kwa kifutio na klipu za karatasi. Kwa maneno mengine, alianza na modeli.

Kitabu kitakupa tarakimu hizo zote na bado usiuone mgeuko wenyewe. Kwenye modeli iliyotengenezwa kwa makini unaona sentimita 16 zikiwa 6, na unaelewa kwa nini nahodha alijali. Huo si utukuzaji wa vita. Anayebishana kuhusu tanga la jahazi na anayebishana kuhusu bawaba ya Martlet (nimewasikia wote) wana ugonjwa mmoja, na sioni sababu ya mmoja kuitwa mlinzi wa urithi na mwingine mtoto.

Nisiyemtetea ni yule anayeliacha boksi na utepe wake kabatini akingoja bei ipande. Kwake lawama ya pesa inasimama, maana hata kama bawa linakunjwa au halikunjwi, hajui.